Wanasema Mume Wangu Alimnyima Mama Chakula

Admin, nifichie jina na ukoo wangu. Hata mtoto nimempa jina lingine, Neema. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, Mkenya kutoka Magharibi, niliishia kidato cha nne. Naishi Carrollton, huku Marekani, na ninafanya kazi ya kupakia mizigo ghalani. Mume wangu ni dereva wa lori, huenda Houston na kurudi. Mama nilimzika mwaka huu, na asubuhi nyingine bado naandaa kikombe chake cha chai kabla sijakumbuka.

Mama alikuja kunisaidia kulea. Kwetu mama mkwe hali meza moja na mkwe wake, na hata kulala chini ya paa lake ilibidi wazee waruhusu kwanza. Kwa hiyo mama alikula chumbani kwake. Mume wangu aliishika desturi hiyo kwa moyo wote. Siku ya kuku alimchagulia mama paja yeye mwenyewe, akaweka sahani kwenye kiti nje ya mlango, akabisha na kusema, "Mama, chakula kimefika," kisha akarudi nyuma macho chini. Mama alijibu kutoka ndani, "Asante mwanangu, Mungu akuzidishie." Sahani ilirudi tupu. Hakuna aliyewaza lolote.

Lakini mama alikuwa akipungua. Nguo zilimpwaya. Tulisema ni kisukari, au anawaza nyumbani. Aliacha kuimba na kina mama kanisani. Dada yake, yaani mama mkubwa, akipiga simu ya video, mama aliielekeza simu juu. "Mbona naongea na dari? Nionyeshe uso, au umekuwa mzungu?" Mama alicheka, leso mdomoni.

Jumamosi moja mume wangu alikuwa Houston. Nikamwambia mama, "Leo mkwe hayupo, njoo tule mezani."

"Nimeshiba."

"Umeshibia wapi, na ugali ndio naupakua?"

Akatoka chumbani. Alimega ugali, akauloweka kwenye mchuzi, akautuliza mdomoni kama peremende. Kuku hakumgusa. Neema, aliyekuwa ameng'oka meno ya mbele wakati huo, akasema, "Mama, kukhu ako na mapengo kama mimi. Lakini yangu yatamea." Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya.

"Wewe mtoto! Si tulikubaliana?" Mama alicheka, halafu kicheko kikageuka kilio.

Nilimwomba afungue mdomo. Fizi zilikuwa zimevimba, meno ya mbele hayapo, na magego yaliyobaki yanacheza. Ile nyama ya mkwe alikuwa akiifunga kwenye karatasi na kuitupa. Huyu ni mama aliyejulikana kijiji kizima kwa mwanya wake. Baba alikuwa akisema aliuona mwanya kwanza, ndipo akamwona mwenye mwanya.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nikuambie nini? Mkwe ananichagulia paja, nimrudishie? Nimtumie habari kwamba mama mkwe wake ni kibogoyo?" Akanishika mkono. "Usimwambie mtu. Dada yangu asijue. Na mume wako, zaidi ya wote, asijue. Niahidi."

Nikaahidi.

Nilimpeleka kwa daktari wa meno siku ambazo mume wangu alikuwa safarini. Yaliyobaki yaling'olewa, tukaambiwa tungoje fizi zipone ndipo apimwe meno ya bandia. Nilimpikia uji, mrenda, ndizi za kuponda. Uso ulianza kumrudi. Siku moja nilimsikia akiimba bafuni, polepole, ubeti mmoja tu, nikasimama nje na nguo za kufua mikononi hadi alipomaliza. Kisha moyo wake, uliokuwa na shida ya siku nyingi, ukasimama. Hayo meno mapya hakuyavaa.

Tulimsafirisha nyumbani. Jeneza lilipofunguliwa, mama mkubwa alipiga yowe. "Huyu ndiye dada yangu? Mlikuwa mnamlisha nini huko?" Mtu akasema labda ni ugonjwa. "Ugonjwa gani? Alikuwa anakula chumbani kama mfungwa! Kula kando ya mkwe nakujua, hata mimi nina wakwe. Heshima haikondeshi mtu!"

Neno likaenea matangani. Mume wangu alipokaribia kaburi na udongo mkononi, wajomba walimwambia arudi hemani akakae na wageni. Alirudi, udongo bado ameushika. Mimi nilikuwa pale, nikanyamaza.

Sasa maneno yamefika hadi huku. Tukienda kwenye ibada ya Wakenya wenzetu, yeye akiketi, mazungumzo yanakatika. Juzi akaniuliza, "Mama Neema, niambie ukweli. Mama hakupenda chakula changu? Nilimkosea wapi?" Nikasema hakumkosea. Akatikisa kichwa. "Nimekata tiketi. Naenda kwa wazee nikaombe msamaha."

"Msamaha wa nini?"

"Sijui. Lakini alikondea nyumbani kwangu."

Kwetu mwanamume akienda kwa wakwe kuomba msamaha, amekiri. Neno hilo litamfuata yeye, na litamfuata Neema hadi siku atakayoolewa. Nikisema kweli, mama atazungumzwa sokoni na visimani kwa jambo alilolificha kwa njaa yake mwenyewe, na wa kwanza kulijua atakuwa mkwe. Najua wengine mtasema aliyekufa haoni haya. Mimi ndiye niliyeshikwa mkono, na bado nausikia ule mkono ulivyokuwa mwepesi.

Anaondoka Ijumaa. Ninapoandika haya yuko jikoni anapika, na amepika kingi kuliko tunachoweza kula. Ndugu zangu, nisemeni mnavyotaka, lakini nishaurini kabla hajapanda ndege. Ungekuwa mimi, ungemsitiri nani?