Unga Niliourudisha Ndani

Mwaka nilioomba chama kiniteue kugombea udiwani, jirani yangu alifiwa na mume zikiwa zimebaki siku nne tupige kura za maoni. Nilishajaza debe la unga, nikalifunga kwa kanga, tayari kumpelekea. Sikumpelekea. Mpaka leo sijui nilitii sheria au niliogopa tu.

Tumeishi mlango kwa mlango hapa Kwai tangu tuolewe. Mwanangu wa pili alizaliwa mikononi mwake, gari la kunipeleka Lushoto likiwa limekwama kwenye tope. Na kwetu huendi msibani mikono mitupu. Unga, maharage, kuni, unabeba ulicho nacho na hakuna anayekuuliza. Shida ni kwamba alikuwa pia mjumbe wa chama, mmoja wa wale ambao kura zao zingeamua jina langu lipite au lisipite.

Katibu wetu wa kata alishatuita wagombea akatusomea kanuni. Mgombea asimpe mjumbe kitu chochote, hata sukari. Nikanyoosha mkono.

"Samahani mzee, na msibani je?"

Akapekua karatasi zake weee. "Msiba haujaandikwa. Lakini ukitoa, mwenzako akakushtaki, mimi simo."

Halafu akatukumbusha mchango wa turubai na viti vya mkutano. Huo niliutoa. Yaani kukipa chama viti vya kukalia wajumbe ni halali, kumpa mjumbe mmoja unga wa uji ni rushwa. Nilijaribu kumweleza mume wangu tofauti yake, nikapotea katikati ya maelezo.

Asubuhi ya mazishi nililifungua debe, nikaumwaga unga kwenye pipa langu, nikaenda hivyo hivyo. Nilichota maji, nikamenya viazi, na kila nikipita na ndoo najiuliza kama maji nayo yanahesabiwa. Saa nne wakaingia vijana wawili na magunia mawili ya mchele wa kutoka Mnazi, kule bondeni. Nani kaleta? "Wapenda maendeleo," wakasema. Uwanja mzima ulijua ni mpinzani wangu. Katibu alikuwepo, akaula ule wali, akaongezwa. Sikujua nicheke au nilie. Nilipomwendea jirani yangu kumpa pole, alinijibu kwa Kiswahili, na sisi siku zote huzungumza Kishambaa. Iliniuma sana.

Kwenye kura nilishindwa vibaya. Baada ya wiki nikaenda kwake, nikaketi mkekani, nikamweleza yote: kanuni, katibu, hofu ya kukatwa jina, debe nililolifunga na kulifungua. Nilikuwa nimekasirika pia, nadhani nilitaka anionee huruma. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Sasa mwenzangu," akasema, "mimi ungenihonga ili iweje? Niko eda. Mkutanoni sikwenda. Hiyo kura unayoisema sikuipiga."

Miezi minne na siku kumi mjane hukaa ndani. Nalijua hilo tangu utotoni. Mama yangu mwenyewe alikaa, nami nilimpikia. Siku zile zote halikunijia kichwani hata mara moja, kwa sababu kila nilipomwangalia nilikuwa nikimwona mjumbe.