Mwenye Gari Alipe

Naandika haya aibu ikiwa bado mbichi. Sie makarani watatu wa Temeke huenda kazini mjini na gari la jirani yetu Salehe, naye kutwa huliweka ndani ya ua wa mfanyabiashara mmoja, analipia kila mwezi. Mie hukaa mbele, koti na tai. Salehe huvaa kaptura, maana kazi yake ni ya ghalani. Basi bawabu wa ua akaanza kunipigia saluti na kuniita bwana mkubwa. Nilijua anadhani gari ni langu. Sikumsahihisha, ilikuwa inaninogea.

Juzi, njiani, Salehe akasema malipo ya ua yamemwelemea, tuchangie. Wenzangu wa nyuma walikuwa karibu kukubali. Mie nikageuka nikawahutubia: petroli tunachangia, mambo ya ua hayatuhusu. "Mwenye gari alipe," nikasema. Tangu hapo najiuliza: gari likilindwa kutwa, jioni tukalikuta salama, si safari yetu sote ya kurudi ndiyo iliyolindwa?

Tulipofika, bawabu hakufungua lango. Akampita Salehe, akaja dirishani kwangu, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Tajiri amesema gari lako lisiingie mpaka ulipe. Nilimwambia huyu dereva wako, lakini naona hakufikishii ujumbe."

Salehe akazima injini, akakunja mikono, akanitazama.

"Umesikia, bwana mkubwa," akasema taratibu. "Mwenye gari alipe."