Mwalimu Aliyerudisha Karatasi Tupu

Mwalimu aliyenifundisha kusoma, hapa kijijini kwetu karibu na Makere, alizaliwa Kongo. Alivuka ziwa na mama yake akiwa msichana mdogo, akasoma huku, akaolewa na Muha, akawa raia. Mpaka anastaafu, hatukuwahi kumsikia akisimulia habari za baba yake.

Tulizisikia mwaka ule watoto wawili walipokufa kwa homa ndani ya wiki moja. Watu wakawaita kamchape, wale waganga wanaozunguka vijijini kufichua wachawi na kuwachanja chale za dawa. Mkubwa wao akatukusanya uwanjani, akagawa vikaratasi, akataka kila kaya iandike jina la mtu inayemshuku.

Niliandika jina la mjane jirani yangu. Mbuzi wake walikuwa wamekula viazi vyangu, basi. Ushahidi sikuwa nao. Niliogopa tu kwamba nikirudisha karatasi tupu, watu watanigeukia mimi.

Mwalimu aliirudisha yake tupu, mbele ya wote. Mganga akamuuliza kama anamficha mchawi mwenzake. Mwalimu hakupandisha sauti.

"Baba yangu alichukuliwa na askari, eti mkomunisti," alisema. "Walimpa karatasi kama hii, wakamwambia ataje wenzake arudi nyumbani. Hakutaja, na hakurudi. Jirani aliyemchongea hata maana ya neno hilo hakuijua."

Kisha akauliza ni nani kati yetu aliyemwona mtu akiroga, kwa macho yake. Mganga akasoma majina hivyo hivyo, na la mjane likatoka mara nyingi kuliko yote.

Vijana wakaenda kumtoa ndani. Walipofika, Mwalimu alikuwa ameshatangulia, ameketi kizingitini na mjane, wanapukuchua maharage. Wakamwomba apishe. Akawaambia kwamba kama ni kuchanjwa, waanze na yeye. Karibu wote walijifunza kuandika majina yao darasani kwake. Mmoja akamwamkia, akaondoka akiangalia chini, na wengine wakamfuata. Kamchape nao wakahamia kijiji kingine.

Nimejiuliza mara nyingi alipata wapi ujasiri ule. Mimi, mwanamume mzima, nilikuwa nyuma ya ua wangu nikichungulia.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwake nikakiri nilichoandika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemwambia mwenyewe?"

"Bado, Mwalimu."

"Basi umekosea nyumba, mwanangu."

Nikaenda kwa mjane, nikamwambia. Alikuwa anapepeta mtama, na hakuacha kupepeta. Ilipita misimu miwili kabla hajaitikia salamu yangu. Siku hizi tunasalimiana, na mbuzi wakiingia shambani kwangu nawarudisha mwenyewe. Lakini wapo majirani ambao mpaka leo hawanywi maji nyumbani kwake. Mwalimu anakunywa. Kila Jumapili akitoka kanisani anapitia pale, magoti yakimuuma, na anakaa mpaka jua lipungue.