Alivyosoma Uturuki Chumbani Kwangu

Hapana, hakurudishwa uwanja wa ndege. Msinitazame hivyo, najua mnataka kuuliza. Leo yuko Uturuki kweli, akinipigia simu ya video, pua nyekundu kwa baridi. Ila mara ile ya kwanza mjukuu wangu hakurudishwa popote, maana alikuwa hajaondoka.

Kosa letu ni kisomo. Hapa Kibiti mtu haendi mbali bila kusomewa dua. Alipopata chuo, baba yake, yaani mwanangu, akachinja mbuzi, ubwabwa ukapikwa, shehe akaja na sauti yake ya puani: "Mola amfikishe, Mola amrudishe na elimu." Wanawake wakamtunza khanga, wakalia. Kesho yake akapanda basi la Dar.

Wiki haijaisha, namwona huyo mlango wa uani, kajifunika baibui, macho tu. "Bibi, viza haijatoka. Wamesema nisubiri nyumbani."

"Nyumbani si ushaagwa, mama!"

Mtu kashasomewa, ubwabwa wake ushaliwa, leo aonekane kisimani? Watasema dua imekataa. Na mwanangu namjua. Posa ya kijana wa Dimani alikuwa ameiweka pembeni; akisikia tu, atakohoa kama hakimu: "Mama, safari imeingia mkosi. Aolewe." Nikamtia chumbani kwangu kama mwali, hata baba yake nisimwambie, na nyumba zetu zinatazamana.

Masomo nayo yakaanza, kwenye simu. Mwalimu wake anaongea kama ana kiazi cha moto mdomoni: "Hwa-hwa-hwa." Mtoto naye amjibu, kwa sauti! Basi kila akifungua mdomo, mie nakimbilia kinu natwanga. Du! Du! Du! Jirani yangu akipita ukutani ananiimbia: "Shoga, mpunga gani huo usiokwisha? Na mjukuu hajambo huko?"

"Hajambo, ila baridi tu."

"Haya, msalimie." Na kicheko chake kile cha kuku anayetaga. Mie sikukishtukia.

Siku hiyo mpunga wangu umeanikwa uani, mikeka kwa mikeka. Mwanangu kaja kukaa kibarazani na mtani wetu, mzee wa Mohoro. Mtani hana adabu, na kwa mila yetu hatakiwi kuwa nayo. Hata msibani hufanya mzaha, na hakasirikiwi. Mwanangu anamsimulia, kifua mbele: "Binti yangu yuko Uturuki sasa. Huko hata maji ya bomba ni ya moto."

Mtani anaitikia, "Ehee. Ehee." Jicho liko kwenye dirisha langu.

Ndani nasikia "hwa-hwa-hwa" imeanza. Nikauvaa mchi.

Mara wingu likatanda, tone la kwanza likanidondokea puani. Mpunga wote huo, na mie mgongo huu. Mwanangu akainuka, akashika pembe ya mkeka, mkeka mzito, akaita watu. Hakuna aliyekuja.

Mtani hata hakunyanyuka. Akamwambia, "Mwite huyo binti yako wa Uturuki atoke chumbani kwa mama yako, aanue mpunga. Viza tu ndiyo imechelewa, na mji mzima tunajua, mjinga umebaki wewe."