Vikombe Viwili Ndugu, Kimoja Mgeni

Kiwandani walimwita Ulimi, na jina likamfuata mpaka nyumbani, hata wifi yake, mke wa kaka yake ambaye waliishi nyumba moja, akawa hamwiti vingine. "Ulimi hauna mfupa," alikuwa akimtania, "lakini wa kwako umetujengea jiko."

Kazi yake ilikuwa kuonja. Kiwanda kilitengeneza pipi za chokoleti, na nyuma ya kila boksi kiliandika zinaendana na nini: hizi kula na kahawa isiyo na sukari, hizi na chungwa, zile zenye karanga usizinywee chai ya maziwa, zitagombana mdomoni. Maneno hayo mafupi yalitoka kwa Ulimi na waonjaji wenzake wawili. Kila asubuhi kila mmoja alikaa kwenye kijichumba chake chenye taa nyekundu, ili rangi isimdanganye, akasubiri sinia lipitishwe kwenye kidirisha. Kati ya tonge na tonge alitafuna biskuti kavu, akasukutua kwa maji ya uvuguvugu. Ulimi aliwahi kurudisha sinia zima akisema maziwa yamechemshiwa kwenye sufuria iliyokaangiwa kitunguu. Walipoulizana jikoni, kweli.

Kisha akapata mafua. Mafua yenyewe hayakuwa makubwa, hakulala hata siku moja. Yalipoondoka, yaliondoka na harufu zote.

Aliyegundua ni wifi yake. Aliingia jikoni akakuta sufuria ya maziwa imeungua mpaka imekuwa nyeusi, na Ulimi amekaa kando yake, amelipa mgongo jiko, anachambua mchele.

"We Ulimi! Unataka kutuchoma?"

"Nini tena?"

"Nini tena! Nyumba nzima inanuka, nimeisikia kutoka getini!"

"Nilikuwa na mawazo, wifi."

"Mawazo gani hayo yanayoziba pua?"

Ulimi alizima jiko, akainama juu ya sufuria, akavuta pumzi. Akavuta tena. Aliponyanyua uso, wifi yake aliacha kucheka.

Daktari alimwangalia puani kwa kitochi, akasema kwa wengine hurudi na kwa wengine hairudi, asubiri. Hakumpa dawa.

Akaendelea kwenda kazini. Utamu wa sukari aliusikia bado, na uchungu wa kakao kwa mbali, lakini chokoleti yenyewe haikuwepo. Alitafuna mshumaa uliotiwa sukari. Alisema yale aliyoyakumbuka. Ladha alizijua kama mtu anavyoijua njia ya kwao, hata gizani anafika. Ilimsaidia mpaka asubuhi moja walipoletewa machungwa yaliyokuwa yameanza kuchacha. Wenzake walitema. Yeye alimeza, akasema, "Yanaendana vizuri, chungwa linaifungua chokoleti."

Mama Pacha, mpanga sinia, ambaye alikuwa amempitishia vikombe kwenye kidirisha kile tangu wote wawili wakiwa wasichana, alimfuata bombani.

"Ulimi. Lile chungwa."

"Lilikuwa na nini?"

Mama Pacha alifunga bomba. "Basi," akasema. "Halikuwa na kitu."

Kila mwaka waonjaji walipimwa. Mtihani wenyewe waliuita kumtafuta mgeni. Unapewa kipande cha pipi na vikombe vitatu, viwili vina kinywaji kilekile, ndio ndugu. Cha tatu kimetiwa kitu kidogo, ndiye mgeni. Unamtaja mgeni. Asiyemjua hutoka mezani, na kwa Ulimi kutoka mezani kulikuwa kutoka kiwandani, maana kufunga pipi kulikuwa kazi ya mashine siku hizi.

"Si uwaambie tu?" wifi yake alimwuliza. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nikiwaambia nitakuwa nani, wifi? Mke wa mtu si mimi. Mama wa mtu si mimi. Nimekuwa ulimi. Sasa niwe nini, kidole?"

Wifi yake akawasha jiko. Jumapili ile walipanga mezani kila kilichokuwa ndani ya nyumba: kahawa, ndimu, chumvi, karanga, jibini, ndizi mbivu, tangawizi iliyopondwa. Ulimi aliweka kipande cha chokoleti mdomoni, akafunga macho, na wifi yake akamlisha kimoja kimoja kwa kijiko kama anayemlisha mgonjwa.

"Hii?"

"Chachu."

"Ndimu hiyo. Umeipata!"

"Nimepata chachu. Ndimu sijaiona." Aliwahi kusema kwamba ndimu na chokoleti ni kama mawifi, zinachokozana lakini hazitengani. Sasa alifungua mdomo, akangoja kijiko kingine. Ndizi ilikuwa uji. Jibini ilikuwa chumvi. Karanga zilikuwa mchanga. Mwishoni wifi yake, kwa kukata tamaa, akachovya kijiko kwenye pilipili.

Ulimi aliruka. "Naisikia! Wifi, naisikia, imefika mpaka puani!"

Walishikana mikono wakazunguka meza, wanawake wazima, mpaka kiti kikaanguka. Kisha wifi yake akauliza, akihema, "Haya niambie, inanukiaje?"

Ulimi alisimama. Macho yalikuwa yanamtoka machozi.

"Inawasha."

"Inawasha tu?"

"Inawasha tu. Kuwasha hata unyayo unakusikia, wifi."

Wakaanza kukusanya vijiko.

Siku ya mtihani, mkuu wa maabara ya kiwanda alisimama nyuma ya viti vyao, kama ilivyokuwa desturi. Hakuwa mtu mbaya. Aliwatakia heri, akamwomba Ulimi aanze, ili vijana wajao wapate kusimuliwa. Kahawa kwenye vikombe vitatu, akaeleza, na mgeni ametiwa mdalasini kidogo sana. Mdalasini ni harufu tupu. Ulimi alijua hilo kabla hajamaliza kusema.

Kidirisha kikafunguka. Mkono wa Mama Pacha ukasukuma sinia, ukachelewa kidogo kuliachia.

Ulimi alitafuna biskuti, akasukutua, akaweka kipande cha pipi mdomoni. Kikombe cha kwanza: maji machungu. Cha pili: maji machungu. Cha tatu alikigusisha midomoni, na mdomo wake ukasema wenyewe, kwa sauti ileile ya miaka yote:

"Sinia hili lirudi. Hiki kina moto kuliko wenzake."

Ndiyo ilivyokuwa sheria, na ni yeye aliyewafundisha waliomfuata: vikombe vyote viwe na joto moja, midomo isije ikaunong'oneza ulimi. Alikuwa amekwisha kulisukuma sinia nusu ya kidirisha alipouona uso wa Mama Pacha upande wa pili, umeinama, macho yamefumbwa. Hapo akaelewa. Mwanamke yule hakuwa amepasha kikombe kimoja kwa bahati mbaya hata mara moja maishani mwake.

Ulimi aliushika ukingo wa sinia. Aliushika kwa nguvu.

"Umesikia kweli," mkuu wa maabara alisema nyuma yake, kwa furaha. "Mnaona? Huyu ndiye mwonjaji. Mama Pacha, andaa jingine."

Sinia likavutwa kutoka mikononi mwake. La pili lilipokuja, mkuu wa maabara alipitisha kipimajoto mwenyewe, kikombe kwa kikombe. Sawa, sawa, sawa.

Ulimi alionja. Akarudia, akaanza na cha mwisho. Wenzake kwenye vijichumba vyao walikuwa wamemaliza, alisikia kalamu zao zikiwekwa mezani. Angeweza kubahatisha. Aliangalia vikombe vitatu chini ya taa nyekundu, vinafanana kama mayai.

"Haya, mama. Mgeni ni yupi?"

"Wote ndugu," alisema Ulimi.

Walimpa boksi la pipi wakati wa kuondoka, lile la utepe. Mama Pacha hakutoka jikoni kumuaga, na Ulimi hakumfuata, angemwambia nini?

Nyumbani wifi yake aliliona boksi. Alichemsha kahawa, wakakaa. Ulimi alifungua utepe, akamwekea kipande kwenye kisahani, akamsogezea kikombe.

"Weka juu ya ulimi. Usitafune. Sasa kunywa kidogo." Alikuwa amemwinamia, anautazama mdomo wake. "Niambie."

"Tamu."

"Tamu vipi?"

Wifi yake alijaribu. Alifumba macho, akameza polepole, akafungua. "Tamu tu, Ulimi. Mimi nitajuaje kusema?"

"Jaribu kingine," alisema Ulimi, akamwekea kipande cha pili.