Siku Niliyoingia Kariakoo Juu ya Farasi wa Chuma

Jamani, kabla hamjaanza kunicheka naomba niseme mwenyewe: ndiyo, ni mimi. Yule mama wa kwenye video, mwenye gauni la kijani la kumetameta, aliyekaa juu ya farasi wa chuma huku matarumbeta yanalia mbele na mtaa mzima unamfuata nyuma, ni mimi Somoe, fundi chuma wa mtaa wa Gerezani, mtu mzima mwenye akili zangu timamu. Mpaka leo nikienda kununua vitunguu lazima mtu aniulize, "Bibi harusi, farasi hajambo?" Namjibu hajambo, anakusalimia, maana ukikasirika Kariakoo ndiyo umewapa la kuongea wiki nzima.

Tuanze na baba, kwa sababu bila baba nisingekuwa na farasi wala hiyo aibu. Baba yangu, Mzee Hemedi, alitoka Lindi akiwa kijana akapata kazi ya kutunza farasi kwenye klabu moja ya watu wenye nafasi hapa Dar, akaifanya mpaka mvi zikamjaa kichwani, na sisi tukakulia kwenye vyumba vya wafanyakazi nyuma ya mabanda. Watoto wengine walilala wakisikia redio, mimi nililala nikisikia farasi wanatafuna majani. Rafiki yangu alikuwa Sultani, farasi wa kahawia mwenye tumbo kubwa na tabia ya kuiba kofia za watu. Baba alinifundisha kwamba farasi hashikwi tu kama kitasa cha mlango: unasimama, unamsogelea, unampulizia pumzi yako puani taratibu, naye anakupulizia ya kwake, hapo mmesalimiana, sasa mnaweza kuongea mengine. Kila asubuhi nilimsalimia Sultani hivyo kabla ya kwenda shule (ndiyo maana hakuna aliyetaka kukaa dawati moja na mimi).

Nilianza kumchora Sultani kwa mkaa kwenye ukuta wa banda. Baba akaja, akaangalia, akainamisha kichwa upande, akasema, "Umempatia. Ila hana pumzi."

Basi sentensi hiyo imenifuata maisha yangu yote. Nimechora punda, mbuzi, kuku, nimechora mabango ya mabucha mpaka nikawa maarufu (mwenye bucha mmoja alinirudishia ng'ombe wake, eti nimemwekea macho ya huruma mno, wateja wanamwangalia halafu wanaenda kununua maharage), kisha nikahamia kwenye chuma chakavu pale Gerezani, nikawa natengeneza wanyama kwa springi, cheni na rejeta za magari zilizokufa. Kila nikimaliza farasi namwita baba. Anakuja, anamzunguka, anamgonga na fimbo, "Umempatia. Hana pumzi," anakunywa chai yangu, anaondoka. Nina miaka arobaini na sita lakini kila mara nilikuwa naumia kama mtoto. Sikuwa nataka anisifie. Nilitaka siku moja tu amsalimie farasi wangu kama alivyokuwa anamsalimia Sultani.

Sasa akatokea Mzee Nassor. Huyu ni muuza vitambaa Kariakoo, Mwarabu wetu wa hapahapa, mpole, mwenye kanzu nyeupe isiyojua vumbi. Duka lake alilianzisha marehemu baba mkwe wake, na zamani juu ya mlango kulikuwa na farasi wa bati, mguu mmoja wa mbele ameuinua, mpaka mtaa ukazoea kusema "kwa Farasi." Bati likaliwa na kutu, likaanguka, likapotea. Mzee alikuwa analikarabati duka, akataka siku ya kulifungua upya farasi wa baba mkwe arudi, mkubwa, asimame pale mlangoni, iwe zawadi kwa mkewe Bi Sharifa. Na iwe siri! Kwa hiyo alikuwa ananipigia simu kwa kunong'ona, akiwa stoo, akiwa chooni, "Vipi, Ijumaa utafika? Nakungoja kwa hamu, usimwambie mtu." Mimi namjibu kwa sauti kubwa maana grenda ya kukatia chuma inalia. Wala haikunijia akilini kwamba kuna masikio mengine kule kwake.

Nikamtengeneza yule farasi kwa roho yangu yote. Shingo niliifanya kwa springi za gari ili akisukumwa atikise kichwa, mkia cheni za pikipiki, mguu wa mbele juu kama kwenye picha ya zamani aliyonipa mzee, mgongoni tandiko la chuma lenye mkanda wa tumboni uliofungwa kwa bolti. Nikamwambia baba aje Ijumaa baada ya Alasiri, moja kwa moja dukani. Nikasema moyoni, huyu asipompulizia, basi tena, naacha farasi, nitengeneze mageti.

Ijumaa ikafika. Kosa langu lilikuwa dogo tu. Dereva wa kirikuu alikuja na gari lake, akamwangalia farasi, akasema, "Huyu tunamlaza ubavu, tunamfunga kamba, dakika kumi amefika." Kumlaza! Jamani, mtu aliyekulia bandani anajua farasi aliyelazwa ubavu kwenye gari ni farasi wa kwenda kuzikwa. Nikamwambia, "Kaka, nenda salama. Farasi wangu ataingia Kariakoo amesimama." Nikamwita Baba Shaibu, msukuma mkokoteni, tukamsimamisha juu, tukamkaza kwa kamba. Tatizo mkokoteni una magurudumu mawili na kichwa cha farasi ni kizito, kila shimo ulikuwa unainama mbele unataka kumlalia Baba Shaibu aliyeshika mpini. Akafuta jasho akasema, "Dada Somoe, panda mgongoni, kaa upande wa mkia utupe uzito nyuma. Mpaka tuvuke barabara tu."

Nikapanda. Mpaka tuvuke tu.

Sasa nielezee nilivyovaa, maana mtasema nilitaka mwenyewe. Nilikuwa nimevaa kwa ajili ya ufunguzi: lile gauni la kijani, na mikono ina hina mpaka kwenye viwiko kwa sababu wiki hiyohiyo tulimwoza binti wa dada yangu. Na mtandio mwekundu nilikuwa nimejifunika uso mzima, kwa vumbi na moshi wa Gerezani. Nafikiri mmeshaanza kuelewa.

Tulipofika njia ya mabasi ya mwendokasi, basi moja likasimama kutupisha, abiria wote wakahamia upande mmoja na simu zao. Nikaona haya, nikauvuta mtandio zaidi (nikajiharibia zaidi). Mara nikasikia nyuma yangu, "Ndiyo huyoo!" Kugeuka, kirikuu kingine kimejaa watu wa matarumbeta, mashati ya manjano, wanatokwa jasho la kupotea njia. Walikuwa wamekodiwa kumsindikiza bibi harusi wa mtaa wa pili, simu za wenyeji hazipokelewi, na walichoambiwa ni kwamba mwali atatokea kwa staili ya peke yake. Basi wameona hina, wameona shela, wameona farasi. Hata ningekuwa mimi ningepiga.

Wakatutangulia mbele, wakapiga! Lile tarumbeta kubwa lilinguruma sikioni kwangu mpaka farasi akaanza kutikisa kichwa kwa mdundo, na hapo wamama wauza khanga wakapiga vigelegele, na vigelegele vya Kariakoo haviulizi harusi ya nani. Nikapiga kelele, "Mimi siye! Jamani mimi fundi!" Nani atasikia? Nikainua mikono kuwakataza, wakaiona hina, wakashangilia mara mbili, wakanipungia. Nikamwambia Baba Shaibu asimame. Akageuka akiwa na tabasamu sijapata kuliona kwake, akasema, "Dada, tangu nianze kusukuma mkokoteni Kariakoo, leo ndiyo mara ya kwanza wananipisha. Acha wapige!"

Nikataka kuruka. Pindo la gauni limenaswa kwenye cheni za mkia, mtandio umejifunga kwenye bolti za tandiko. Wabeba mizigo wakashusha magunia wakacheza, machinga wakaacha meza zao, mama mmoja nisiyemjua akanibandika noti kwenye paji la uso akaniambia, "Usijali mwanangu, hata mimi nilichelewa." Na mimi, Mungu anisamehe, baada ya hapo nilianza kupunga mkono kidogo. Kidogo tu. Mtu ambaye hajawahi kusindikizwa asinihukumu.

Tukakata kona, duka la Mzee Nassor hilo hapo. Kanzu mpya, kilemba, udi unafuka, shehe ameketi tayari kwa dua, kahawa na halua mezani. Mzee alipomwona farasi wake, uso ukamfunguka, akanyoosha mikono yote miwili. Na yule mwenye tarumbeta kubwa akachukua kipaza sauti, akatangaza, "Bwana harusi huyooo! Hajaficha furaha yake!"

Bi Sharifa akatokea mlangoni na sinia la vikombe.

Nimeona radi, nimeona mafuriko ya mto Msimbazi, lakini sijaona kitu kama uso wa yule mama. Aliweka sinia chini polepole mno. Akasema, "Nassor. Kumbe ndiyo huyu wa chooni?" Mzee akanyoosha kidole kwa farasi, mama hakumpa nafasi. "Wiki nzima unanong'ona kwenye simu, Ijumaa, Ijumaa, nakungoja kwa hamu. Na umemleta kwenye duka la baba yangu? Na ngoma?" Shehe akainama kuangalia kahawa yake.

Nikiwa bado nahangaika na bolti, umati ukapasuka katikati, fimbo ikatokea, na nyuma ya fimbo baba. Shati la Ijumaa, kofia safi, machozi yanamtoka. Nilidhani ya furaha.

"Somoe! Unaolewa mimi niko hai? Walii wako nani? Nani kakuozesha, eh?" Akamgeukia Mzee Nassor. "Na wewe mtu mzima mwenzangu, hata barua ya posa hujui?"

"Baba, shikamoo, siolewi!"

"Marahaba! Sasa hina ya nini?"

Hapo ndipo simu ya yule wa matarumbeta ikaita, na kwa haraka zake akaipokea palepale kwenye kipaza sauti, na mtaa mzima ukasikia sauti ya mama mmoja aliyekasirika mpaka mwisho: "Nyinyi mko wapi? Mwali wetu amekaa kwenye bajaji yake ya maua tangu saa nane, anatota jasho, matarumbeta hakuna!" Vigelegele vikakatika. Yule bwana akaniangalia, akaangalia simu, akauliza, "Sasa huyu ni nani?"

"Fundi," nikasema kutoka ndani ya mtandio.

"Fundi gani ana hina mpaka viwikoni?" akauliza Bi Sharifa, lakini sauti imeshapungua, kwa sababu safari hii hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia mguu wa mbele ulioinuliwa. Akasogea, akaushika kwenye ukwato. Akageuka kwa mumewe, "Nassor, huyu si farasi wa baba?" Mzee akatikisa kichwa kukubali. Bi Sharifa akalia na kucheka kwa pamoja, akampiga mumewe begani na upande wa khanga, akasema, "Mzee mzima unajificha chooni kwa ajili ya farasi! Si ungesema tu!" Na watu nao, waliokuwa wanasubiri ugomvi, wakaridhika na hilo wakapiga vigelegele upya. Wenye matarumbeta walishatimua mbio kwa mwali wao wa halali.

Nikabaki mimi juu, nahangaika kushukia kulia, gauni linazidi kunaswa, watoto wananiangalia. Baba akashika kichwa cha farasi kama anavyoshika wa kweli, akasema, "Kushoto! Tangu una miaka mitano nakwambia farasi unashukia kushoto." Nikarudi kushoto. Gauni likachanika kidogo, likaachia, nikatua chini kwa makalio, na hicho kipande ndicho kilichopendwa kuliko vyote kwenye video.

Nikajifuta vumbi nikasema, "Baba, nisamehe. Nilitaka umwone akiingia kwa heshima."

Baba alikuwa bado ameshika kichwa cha farasi, na springi za shingo zilikuwa hazijatulia, kichwa kilikuwa kinapanda na kushuka taratibu. Baba akasimama mbele yake. Akavua kofia. Akasogeza uso mpaka kwenye pua ya chuma, akapuliza. Akangoja kidogo, kama tulivyokuwa tunangoja kwa Sultani. Mimi nikauvuta ule mtandio wangu ulioniponza, nikajifunika tena uso, safari hii si kwa vumbi.

Kisha akainama akachungulia chini ya tumbo, akanigeukia kwa ukali uleule wa bandani. "Mkanda wa tumbo umembana. Mlegezee apumue."

Kwa hiyo naapa mbele yenu: sipandi tena farasi wangu mwenyewe, wala mkokoteni, na siku nyingine nikipakwa hina nakaa ndani mpaka ifutike. Ila siku ile, na gauni langu lililochanika, nilitambaa chini ya yule farasi na spana, mbele ya Kariakoo yote, nikalegeza ile bolti.