Ngojeni Nikaangalie Kahawa

Chuoni nafundisha habari za mabibi wa Ulaya wa karne zilizopita, watoto wa wafalme, waliobishana na wanafalsafa juu ya roho na mwili. Majina yao yamebaki. Nyanya yangu, binti wa kiungwana wa Mji wa Kale, aliwashinda kwa fikra, lakini sauti ya mwanamke wa nyumba yetu haikufika barazani.

Wazee wakija kujadiliana na mumewe, babu yangu, swali likimshinda husema, "Ngojeni nikaangalie kahawa." Huingia jikoni, nyanya humjibu huku akipepeta mchele, naye hutoka na jibu kana kwamba ni lake. Mji mzima ukamwita bahari ya elimu. Bahari! Hata kisima hakuwa.

Juzi nyanya alizikwa. Wanaume waliporudi kutoka makaburini walikaa barazani, wakamsifu kwa biriani yake. Kisha mmoja akamuuliza babu: roho ikishatoka, huwakumbuka wale iliowaacha?

"Ngojeni nikaangalie kahawa," akasema.

Akaingia jikoni nilimokuwa, akasimama mbele ya ungo mtupu, akanitazama. Jibu nilikuwa nalo, nyanya alinifunza.

Nikamkabidhi dele la kahawa.